Umefungwa jicho, hukukatwa miguu

Nilikuwa nimeshaandika maoni yangu kuhusu kliniki hii ya macho: msiende. Nimefuta, nimeanza upya, na hata sasa roho haijatulia.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, miaka mingi. Masika haya nilikwenda kliniki hiyo, hapa Tanga, kutolewa mtoto wa jicho. Walipasua la kulia. La kushoto nalo lina mtoto wake, linaona mwanga na vivuli basi. Kwa hiyo walipolifunika la kulia kwa pamba na plasta, nilibaki gizani mpaka kesho yake. Kwenye karatasi zao limeandikwa. Walijua.

Usiku nikataka kwenda chooni. Mwanangu walishamrudisha nyumbani, wakasema wodini halali mtu asiye mgonjwa. Akaja muuguzi. Hakuita jina, hakusema niko hapa. Nikashtukia mkono kwapani, nimenyanyuliwa, nasukumwa kwa nyuma kama mkokoteni. Nikajikaza, nikatanguliza mguu kupapasa. Akasema kwa sauti, wodi nzima inasikia: "Bibi, umefungwa jicho, hukukatwa miguu. Tembea!"

Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Maana si kweli. Miguu ile haikuwa yangu! Nikiwa kitandani naijua ilipo, goti hili hapa, kidole gumba hiki hapa. Nikisimama tu, sakafu inalala upande kama ngalawa. Kumbe ni sakafu iliyonyooka kabisa, niliiona asubuhi. Nikajihisi mrefu kupita kiasi, kichwa kitagonga dari, nikawa natembea nimeinama, na kuinama ndiko nilikokatazwa kwa ajili ya jicho. Mabega sikujua yanaishia wapi. La kushoto likapiga fremu ya mlango, bado lina alama. Mimi, ambaye mteja akisimama mlangoni namkadiria kiuno kwa macho tu, nimeshindwa kujua upana wangu mwenyewe.

Alfajiri nikaletewa chai. Nikaambiwa kikombe kiko kulia. Nikapapasa, nikakimwaga nusu. Lakini andazi lilipotua mkononi, mkono ulikwenda moja kwa moja mdomoni. Haukugusa pua wala kidevu. Nikajaribu makusudi: nikagusa ncha ya sikio, nikagusa kovu nililo nalo juu ya nyusi tangu utotoni. Papo hapo, kila mara. Basi mwili unajijua wenyewe gizani. Unachopoteza ni pale unapokutana na vitu: ukingo wa meza, kizingiti, mlango. Na mtu anayekusukuma kwa nyuma anakutupa huko huko usikokujua.

Daktari aliponifungua nilimweleza. Mungu ambariki, alivuta kiti akakaa. Akasema mtu husimama kwa vitu vitatu: macho, kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio, na habari zinazopanda kutoka kwenye misuli, viungo na nyayo. Ukiondoa macho, viwili vilivyobaki vinabeba mzigo wa vitatu. Akanisimamisha, miguu pamoja, mikono yake karibu bila kunigusa, akaniambia nifumbe. Nikayumba. Akasema hata mzima huyumba kidogo, na kipimo hicho kina jina la Romberg, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19. Wewe unayesoma, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, ufumbe macho. Kisha niambie kuhusu miguu yangu.

Hasira ikanipanda upya, maana elimu wanayo humo humo ndani. Imebaki chumba cha daktari, haijavuka korido kufika wodini.

Aliyenisaidia, jicho likiwa bado limefungwa, ni kijana wa usafi. "Shikamoo bibi, niko kulia kwako. Nishike kiwiko, nikupeleke ukanawe." Mimi nimshike yeye, si yeye anishike mimi. Akatangulia nusu hatua. Alipopanda kizingiti kiwiko kikapanda, alipokata kona kikakata, nikajua kabla hajasema. Mgongo ukanyooka, mabega yakarudi mahali pake. Nikamwuliza amefundishwa wapi. Akasema babu yake hakuwa anaona.

Jicho lenyewe? Sina neno. Siku hiyo hiyo nimegundua kanga niliyodhani imefubaa ni nyeupe pe, na nyuzi nilizokuwa naziita nyeusi zote, nusu yake ni za bluu. Nimewashonea watu hivyo, wanisamehe.

Basi nendeni. Mkono wa daktari yule ni mwepesi, sijui kama nitaupata pengine. Ila nendeni na mtu wenu, na mkatae asirudishwe nyumbani. Nilitaka kuwapa nyota nne; nikiikumbuka sauti ile mbele ya watu wazima wenzangu narudi kwenye mbili. Tatu, kwa ajili ya kijana wa usafi, ambaye najua hata mshahara wake hautoshi.

La kushoto wamenipangia baada ya Idi. Safari hiyo la kulia litakuwa linaona, nitakwenda chooni mwenyewe. Muuguzi yule nitamtafuta kwenye zamu yake. Nitamwomba afumbe macho, anishike kiwiko, nimpeleke mpaka mwisho wa korido na kumrudisha, taratibu, na kila kizingiti nitamtajia.