HMS Spey: Meli ya Doria Iliyoundwa Ikae Mbali

Kati ya meli tano za doria za daraja la River, toleo la pili, ambazo Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilijengewa mjini Glasgow, HMS Spey na dada yake HMS Tamar ndizo zinazonivutia zaidi, kwa kuwa ziliondoka Portsmouth Septemba 2021 kwenda Bahari ya Hindi na Pasifiki zikiwa hazijapangiwa bandari ya kudumu.

Vipimo vya Spey ni vya wastani: urefu wa mita 90 hivi, uzito wa takriban tani 2,000, mwendo wa noti 24 (maili 24 za baharini kwa saa), na uwezo wa kusafiri maili 5,500 za baharini bila kuongeza mafuta. Mzinga wa milimita 30 ulioko omoni, yaani mbele, unatosha kabisa kusimamisha chombo cha magendo au cha wavuvi haramu, na anayetaka meli hii ikabiliane na manowari zenye makombora anaidai kazi isiyo yake.

Utajiri wake uko upande wa tezi, yaani nyuma. Hapo kuna uwanja wa helikopta unaoweza kupokea hata Merlin, helikopta kubwa ya jeshi hilo, na mbele yake pamewekwa kreni ya kunyanyua tani 16, ambayo thamani yake huonekana bandari inapokuwa imeharibika. Volkano ilipolipuka Tonga Januari 2022 na kuleta tsunami, Spey ilipeleka maji na dawa, na kwa kuwa wenyeji walikuwa wakijikinga na korona, mzigo ulishushwa bila mabaharia kukutana nao. Kwangu mimi, huo ndio mtihani halisi wa meli ya doria, na Spey ilifaulu vizuri.

Mpango wa mabaharia nao unastahili sifa. Badala ya meli kurudi Uingereza ili watu wapumzike, mabaharia hubadilishwa kwa zamu kwa kusafirishwa kwa ndege, hivyo chombo hubaki kazini na waliomo hupata muda wa kuwa na familia zao.

Kasoro kubwa ni kukosekana kwa banda la helikopta. Ndege inaweza kutua na kujaza mafuta, lakini haiwezi kuishi melini kwa miezi huku ikipigwa na chumvi na upepo, na kwa meli inayolinda eneo kubwa kiasi hicho, kukosa jicho la angani ni upungufu mzito. Bei nayo haikuwa ndogo: meli tatu za kwanza zilikubaliwa kwa pauni milioni 348, sehemu ya sababu ikiwa ni kuwapa kazi mafundi wa viwanda vya meli wakati frigeti mpya, manowari kubwa zaidi, zikisubiriwa. Isitoshe, HMS Forth, ya kwanza katika toleo hili, ilirudishwa kwa matengenezo mwaka 2018 baada ya kugundulika kwamba baadhi ya bolti zilizovunjika vichwa zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, uzembe usiovumilika katika chombo kinachobeba roho za watu.

Jeshi linalotaka umbo hili likiwa na meno zaidi litazame Thailand, iliyojenga meli mbili za ukoo huohuo katika viwanda vyake, ikazipa mzinga wa milimita 76 na ya pili ikaiongezea makombora ya Harpoon ya kupiga meli, ingawa banda la helikopta halimo hata humo.