RealClearPolitics: jedwali lao safi, wastani wao uutumie kwa akili

Wadau kama unafuatiliaga siasa za Marekani unaujua ule mkanganyiko, asubuhi unasoma mgombea fulani anakubalika kwa asilimia 47, jioni kampuni nyingine inakwambia 41, na mitandaoni kila upande umeshika namba yake unatamba nayo. Mi nikiona hivyo naingia tovuti ya RealClearPolitics, jamaa wapo tangu 2000, wanazikusanya kura za maoni za makampuni tofauti wanaziweka sehemu moja halafu wanakupigia wastani.

Kiukweli uhondo upo kwenye jedwali sio kwenye wastani. Kila utafiti una mstari wake: kaufanya nani, tarehe ngapi mpaka ngapi, wamehojiwa wangapi, wanaomkubali na wasiomkubali. Sa pale kwenye idadi ya waliohojiwa kuna viherufi watu wanavipita kama hawavioni, A, RV, LV. A ni mtu mzima yeyote, RV ni aliyejiandikisha kupiga kura, LV ni yule anayeonekana kweli siku ikifika atatoka kwenda kupiga, na hapo kwenye "anaonekana" kila kampuni ina vipimo vyake. Kwahiyo ukichukua 47 ya LV ukaigombanisha na 41 ya A unajichosha bure, hawajaulizwa watu walewale.

Halafu kuna kosa la sampuli. Ukihoji watu 1,000 hivi namba inaweza kucheza kama pointi 3 juu au chini, yaani 44 na 46 inaweza kuwa kitu kilekile kabisa, na pengo kati ya wagombea wawili ndo linacheza zaidi, karibu mara mbili ya hapo. Mtu anaongoza kwa pointi 2 alafu unaona vichwa vya habari "ampiga kikumbo mpinzani", jamani!

Nachowalaumu ni huo wastani wenyewe, wanajumlisha na kugawanya basi, kampuni makini na ya kubabaisha zina uzito sawa. FiveThirtyEight, tovuti nyingine ya aina hii, walikuwa wanazipima kwanza ubora wake, ila wamiliki wake, shirika la habari la ABC, waliifunga 2025. Na wastani hauponyi kitu kama tafiti zote zimeegemea upande mmoja. Uchaguzi wa rais wa 2016 pale Wisconsin wastani wa RealClearPolitics ulikuwa unampa Clinton pointi 6 na nusu, Trump akaubeba mkoa, sorry jimbo, kwa chini ya pointi 1, na moja ya sababu ni kwamba tafiti nyingi za majimbo hazikurekebisha kiwango cha elimu, wenye digrii walikuwa wengi mno kwenye sampuli.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, zote za jedwali. Mi nachofanya nachagua kampuni moja naangalia namba yake ya leo na yake yenyewe ya mwezi uliopita, ikishuka na nyingine mbili tatu nazo zikashuka, hapo ndo naanza kuamini kuna kitu.