Meli ya kitalii baharini au MV Mbeya II Ziwa Nyasa?

Kwa mtu wa Mbeya, MV Mbeya II ni rahisi: basi la Kyela kupitia Tukuyu, kisha bandari ya Kiwira. Inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, kwa hiyo usishangae ikisubiri magunia yashushwe njiani kuelekea Mbamba Bay. Ni usafiri, si starehe; beba chakula na sweta.

Meli ya kitalii ni hoteli inayoelea. Nauli inalipia chumba, milo ya kawaida na maonyesho. Pombe, intaneti, matembezi ya nchi kavu na bahashishi ya kila siku huingia kwenye bili yako. Hapo ndipo wengi huumia. Viza nayo ni mtego: meli ikitoka Italia kwenda Uturuki na kurudi, viza ya Schengen (ya kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo) ya kuingia mara moja haitoshi. Ukichelewa bandarini, meli inaondoka, na kuifuata ni gharama yako.

Kichefuchefu hakichagui: Mwera, upepo mkali wa kusini-mashariki, huchafua ziwa kati ya Mei na Agosti. Kote kuwili, kaa katikati ya meli, chini, na umeze dawa kabla ya kung'oa nanga.