Tahadhari: Vishoka wa Vyeti vya Vifo Mjini Kigoma

Ndugu zangu wa Kigoma, na hasa ninyi mnaotoka vijiji vya mwambao, Uvinza, Kasulu na Buhigwe mkaja mjini kufuatilia karatasi za marehemu wenu, ninaandika kuwatahadharisha juu ya kishoka, yaani wakala wa uongo, anayewauzia wafiwa vyeti vya vifo ambavyo havimo katika daftari lolote la serikali. Siamini kwamba yuko peke yake. Familia yetu ilinunua cheti kimoja kutoka kwake kwa shilingi 120,000, tukakihifadhi katika bahasha moja na hati ya kiwanja cha marehemu, na siku kilipohitajika ndipo tulipotambua kwamba kwa muda wote ule hatukuwa na cheti chochote.

Baba yetu alifariki nyumbani mwezi Machi 2023, katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Wilaya ya Uvinza. Mtendaji wa kijiji alifika msibani, akatuandikia kibali cha mazishi, na mzee wetu akazikwa siku hiyohiyo alasiri. Hadi hapo hatukuwa na tatizo. Baada ya arobaini ndipo tulipokumbuka kwamba hakuna aliyekwenda kukiandikisha kifo wilayani, ilhali Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Mama hakuwa na hali ya kusafiri, na sisi watoto tunaoishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, tukaona ni rahisi zaidi kulimaliza jambo hili mjini kuliko kurudi Uvinza. Tulikuwa na huzuni, tulikuwa na haraka, na tulikuwa na hofu ya kuulizwa kwa nini tumechelewa. Mfiwa wa namna hiyo ndiye anayetafutwa na watu hawa.

Tulikutana naye kwenye benchi la steshenari moja iliyo karibu na ofisi za serikali, mahali ambapo watu huchapisha barua na kutoa fotokopi. Ni mtu wa makamo, nadhifu, mwenye faili la kaki kwapani, na anazungumza kwa upole mwingi. Alitupa pole ya msiba kabla ya kuuliza lolote, akamwita shangazi yangu kwa jina hilohilo la shangazi kana kwamba ni mtoto wa ukoo, kisha akatuuliza kama tunacho kibali cha mazishi. Swali hilo lilitufanya tumwamini, kwa sababu lilikuwa swali sahihi. Anazijua karatasi zote, anayajua majina ya fomu, na anajua ofisa gani hukaa chumba gani. Hakusema hata mara moja kwamba yeye ni mtumishi wa serikali. Alituacha tudhani hivyo wenyewe.

Alitueleza kwamba kwa kuwa siku 30 zimepita, tungetakiwa kurudi kijijini, kutafuta barua, kuapa mahakamani na kusubiri miezi, lakini yeye angeweza kulimaliza ndani ya siku 10 bila sisi kuvuka kizingiti cha ofisi yoyote. Akataka shilingi 70,000 za kuanzia. Siku ya 6 akapiga simu na kusema kwamba cheti kiko tayari ila kimekwama kwa ajili ya mhuri wa mkoa, hivyo tumwongezee 50,000. Fedha zote mbili tulizituma kwa simu, kwenda kwa namba ambayo jina lililojitokeza halikuwa lile alilotutajia. Shangazi aliliona jina hilo na kuliuliza. Akajibiwa kwamba ni la karani wa malipo. Tukanyamaza, na ninaomba radhi kwa shangazi kwa kumhimiza anyamaze.

Pamoja na fedha, alichukua kibali halisi cha mazishi na kitambulisho cha taifa cha baba, akidai kwamba wilaya haipokei fotokopi. Katika mambo yote aliyotutendea, hili ndilo lililotuumiza kuliko fedha.

Cheti kilikuja kikiwa tayari kimefanyiwa lamineti. Wakati ule tuliona ni heshima. Leo ninaamini kwamba kilifunikwa kwa plastiki ili tusiishike karatasi yenyewe kwa vidole. Kilikuwa na nembo ya taifa, namba, saini na mhuri wa buluu. Kama tungekisoma kwa utulivu tungeona mambo mawili ambayo mtu yeyote wa familia angeweza kuyagundua. Mahali pa kifo paliandikwa Kigoma mjini, wakati baba alifia kijijini mbele ya macho yetu. Na tarehe ya usajili ilikuwa 7 Mei 2023, siku ya Jumapili, ambayo ofisi hizo hazifunguliwi.

Ukweli ulijitokeza kupitia mdogo wetu wa kike, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kuomba mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humtaka mwombaji aliyefiwa na mzazi awasilishe cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Tuliomba uhakiki tukiwa na amani kabisa. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba cheti kile hakilingani na kumbukumbu zilizopo. Tulidhani ni kosa la kuandika namba, tukarudia, na jibu likawa lilelile. Baadaye, tulipokwenda ana kwa ana, tulielezwa kwa subira kwamba namba iliyo juu ya karatasi yetu ni ya mtu mwingine kabisa, na kwamba jina la baba yetu halijaandikwa popote.

Hapa ndipo ninapoomba kila msomaji atulie kidogo. Cheti cha kifo ni dondoo ya kile kilichoandikwa katika daftari la usajili. Mtu akikuuzia karatasi nzuri kuliko ya serikali yenyewe, lakini jina la marehemu wako halimo daftarini, bado hujapata chochote, kwa sababu bodi, benki, mfuko wa hifadhi ya jamii na mahakama ya mirathi wote wanaweza kuuliza daftari badala ya kuitazama karatasi. Kishoka anaweza kuiga mhuri. Kumwandika baba yako daftarini bila taarifa zake kupita mikononi mwa Msajili, hawezi.

Kwa faida ya wasiojua, utaratibu wenyewe si mzito kama alivyotuogopesha. Kifo kikitokea hospitalini, ndugu hupewa huko tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Kikitokea nyumbani, taarifa hupelekwa kwa Afisa Mtendaji wa eneo hilo, naye ndiye anayeandika. Kwa karatasi hizo unakwenda kwa Msajili wa Wilaya, ambaye ofisi yake ipo kwa Katibu Tawala wa Wilaya, penye ofisi za Mkuu wa Wilaya. Watu wengi, nami nikiwemo, tulikuwa tukikimbilia ofisi za halmashauri na kupotezewa muda, na katika kuzungukazunguka huko ndiko tunakonaswa. Kwa kawaida kifo huandikishwa katika wilaya kilikotokea; kwa hiyo mtu wa Uvinza anayeambiwa kwamba kifo cha Uvinza kitageuzwa kuwa kifo cha mjini ili kuokoa nauli, ajue kwamba anaelezwa jinsi cheti chake kitakavyoghushiwa. Kuchelewa zaidi ya siku 30 hakufungi mlango. Kunaongeza maelezo, vielelezo na ada, na hakuna aliyetukaripia tulipokwenda kweli.

Ada ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi wetu tunaiita kontroo namba, na ukishalipa unapata stakabadhi ya serikali. Hailipwi kwenye simu ya mtu. Ukitajiwa namba binafsi, hata kama aliyekutajia amesimama ndani ya geti la ofisi na ana kitambulisho shingoni, simama hapohapo, uulize dirishani ada halisi ni kiasi gani. Sisi tulipokuja kulipa kwa njia halali, pamoja na adhabu ya kuchelewa, kiasi kile hakikukaribia hata nusu ya zile 120,000.

Nimekwisha kuelezwa na majirani wawili kwamba kuna sura nyingine ya utapeli huu inayopitia kwenye makundi ya WhatsApp. Tangazo lina nembo ya taifa, linaahidi cheti cha kuzaliwa au cha kifo ndani ya saa 48, na mtu hutakiwa kutuma picha ya kitambulisho cha marehemu, namba yake ya simu na kile kinachoitwa ada ya mfumo. RITA ina mfumo wake wa mtandaoni unaoitwa eRITA, na maombi mtu anaweza kuyafanya humo mwenyewe au kwa kusaidiwa na kijana anayemwamini. Kumkabidhi mgeni namba ya kitambulisho na namba ya simu ya marehemu ni hatari zaidi ya kupoteza ada, kwa maana laini ya marehemu mara nyingi bado ina fedha, na wakati mwingine imeunganishwa na akaunti ya benki.

Kuhusu nakala zilizothibitishwa, ambazo mahakama na taasisi huzidai, yule mtu alikuwa pia na mhuri wa wakili ndani ya faili lake. Alitugongea nakala tatu pale pale kwenye benchi kwa shilingi 5,000 kila moja, bila wakili yeyote kuiona hati halisi. Nakala huthibitishwa na mtu mwenye mamlaka ya kufanya hivyo, aliyeilinganisha na hati halisi mbele yake. Kama jina lililo kwenye mhuri hulifahamu, Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambamo mtu yeyote anaweza kulitafuta jina la wakili na kuona kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Inachukua dakika chache tu kwenye simu.

Jambo lililotutisha zaidi tulielezwa na wakili halisi tuliyemwendea baadaye. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na vilevile ni kosa kuwasilisha hati ya kughushi ukijua kwamba si halali. Mdogo wetu hakujua, na tulieleza hivyo kwa maandishi. Lakini fikirini binti wa miaka 19, aliyefiwa na baba yake, akiketi kituo cha polisi kueleza cheti cha kifo cha baba huyohuyo alikipata wapi. Alilia mbele ya askari, na askari, namshukuru, alimpa maji na kumngoja. Yule aliyetuuzia hakuwepo kuyaona hayo, na simu yake ilikuwa imezimwa tangu wiki tuliyorudi kumuuliza.

Kuandikisha kifo upya kulituchukua wiki tano. Mtendaji alituandikia barua nyingine, wazee wawili waliokuwepo mazishini wakatoa maelezo, nasi tukaapa kiapo kueleza jinsi kibali halisi kilivyopotea. Kama tungekuwa bado na kibali kile mkononi, kazi yote hii ingekuwa fupi sana. Cheti halali tulikipata, kikahakikiwa bila tatizo, lakini dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa limekwisha kufungwa. Mwaka wa kwanza wa mdogo wetu chuoni umelipiwa kwa nyavu za baba na injini ya mtumbwi wake, vitu ambavyo mama alikuwa amekusudia viendelee kuwalisha wadogo waliobaki nyumbani.

Tumetoa taarifa polisi na tuna namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Ikiwa nawe uliwahi kulipa kwa mtu wa namna hii, nenda ukafungue taarifa yako hata kama fedha ilikuwa kidogo, kwa sababu malalamiko ya familia moja huonekana kama ugomvi wa watu wawili. Namba za simu za matapeli zinaweza kuripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Na ikiwa aliyekudai fedha ni mtumishi wa ofisi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa 113. Ukiwa na cheti ambacho hukukifuata mwenyewe kwa Msajili, kiombee uhakiki sasa, kabla ya siku ya mirathi au ya mkopo.

Kibali halisi cha mazishi ya baba na kitambulisho chake bado havijarudi. Nawaomba wenye steshenari na mashine za fotokopi, ambao najua hubaki na karatasi nyingi za watu mezani, wapekue kwenye maboksi yao. Ukikuta kibali cha mazishi cha mtu yeyote, tafadhali usikitupe na usimpe mtu aliyekuja kukiulizia bila kutaja jina la marehemu. Kipeleke kwa Mtendaji ambaye mhuri wake umegongwa hapo, naye atajua nyumba ya kukirudisha.