215/45R17 au 205/50R17 kwa gari iliyoshushwa

Kama gari yako ilitoka kiwandani na tairi za 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15), kipenyo cha tairi kilikuwa milimita 634 na kidogo. Sasa umeshusha springi na kununua rimu za spoti za inchi 17 zenye upana wa inchi 7. Saizi zote mbili, 215/45R17 na 205/50R17, zinakaa.

215/45 ina kipenyo cha milimita 625. Inajaza rimu vizuri na kwenye kona haiyumbi. Ila gari inashuka karibu milimita 5 nyingine, na ubavu wa tairi ni kama milimita 97 tu. Ukitumbukia shimoni, rimu inapinda au tairi linatoa nundu.

205/50 ina milimita 637, karibu sawa na la zamani, hivyo spidimita haidanganyi. Ubavu unafika milimita 102. Kasoro yake ni urefu: ukipakia watu nyuma huenda likasugua madigadi. Fundi akate usukani mpaka mwisho, gari ikiwa imepakia, kabla hujalipa.

Kwa Tabora, lami ikiisha na vumbi kuanza, mimi ningefunga 205/50. 215/45 inapendeza ikiegeshwa chini ya mwembe.