Simu za Microsoft za mtumba: ipi uchukue, ipi uiache

Microsoft ilitawala kompyuta kwa Windows, lakini kwenye simu ilikwama. Aprili 2014 ilikamilisha ununuzi wa biashara ya simu ya Nokia. Julai 2015 ikafuta vitabuni, kama hasara ya biashara hiyo, takriban dola bilioni 7.6. Simu zenyewe zilikuwa imara. Watengenezaji wa programu ndio hawakuja, na mteja hanunui simu ambayo haina programu anazozitaka. Kwa hiyo tumezipanga kwa kazi zinazoweza kufanya leo, si kwa sifa za siku zilipotoka.

1. Surface Duo 2 (2021). Inaongoza kwa mbali kwa sababu inatumia Android, na Play Store ipo. Ina 5G na vioo viwili vinavyofunguka kama kitabu. Masasisho ya usalama yalikoma Oktoba 2024, hivyo programu ya benki iweke kwenye simu nyingine. Kabla ya kulipa, ifungue na kuifunga mara kadhaa, kisha pitisha kidole pembe hadi pembe kwenye kila kioo.

2. Surface Duo (2020). Ilianza kuuzwa kwa dola 1,399. Ugonjwa wake unajulikana: plastiki inayozunguka tundu la chaja hupasuka, maana ukingo ni mwembamba na kichwa cha waya huusukuma kila unapochomeka. Mulika hapo kwa tochi. Ukiona ufa, hata wa unywele, mrudishie muuzaji.

3. Lumia 950 (2015). Kamera ya megapikseli 20 yenye kitufe chake, RAM ya GB 3. Betri unaitoa kwa mkono. Ni BV-T5E ya mAh 3000. Mfuniko ukiwa umeinuka katikati, betri imevimba. WhatsApp usiitarajie: ilikoma kwenye simu za Windows mwisho wa 2019.

4. Lumia 640 (2015). Ya kupigia simu na kusikilizia muziki, basi. Betri BV-T5C, mAh 2500.

Iache Lumia 520: RAM ya MB 512 haitoshi. Iache pia Huawei ya 2013 ya 4Afrika, mradi wa Microsoft kwa Afrika, iliyouzwa Kenya.

Kwenye Lumia, kosa kubwa ni kufuta kila kitu ili "ianze upya". Duka la programu la Windows Phone 8.1, mfumo ambao Lumia 640 ilitoka nao, lilifungwa 16 Desemba 2019. Ukifuta, programu zilizokuwemo hazirudi. Tena simu inaweza kudai akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na bila nywila yake umebaki na kipande cha plastiki. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, aondoe ulinzi wa akaunti yake, ndipo utoe pesa.

Halafu weka laini yako, upige. Lumia 950 hutumia nano (laini ndogo zaidi), 640 hutumia micro (kubwa kidogo). Usiingize nano kwenye tundu la micro na fremu yake ya kuijazia ukubwa ikiwa imelegea: ikinasa ndani, ukiivuta inang'oa pini za laini.