Gunia la kupandia mboga: zuri, ila kokoto usizipunje

Gunia la kilo 90 lililotobolewa tayari linabeba miche 30 hivi ya sukuma wiki pembeni, na dania juu. Mshono wa chini ni dhaifu. Ushone tena kabla ya kujaza. Roho yake ni nguzo ya kokoto katikati: simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo ndoo mbili kwa samadi iliyooza ndoo moja, kisha livute juu kidogo kidogo. Bila nguzo hiyo maji hayafiki chini, na miche ya huko inanyauka huku ya juu ikioza. Masika, liweke juu ya matofali. Kiangazi, mwagilia asubuhi na jioni, na ukague vidukari chini ya majani. Karoti hazifai kupandwa pembeni.